Oili ya Difu: Fungua Nati ya Juu Kwanza

Mkulima anapokwenda kununua pikapu iliyotumika hufungua boneti, akasikiliza injini, akapiga magurudumu teke, akatazama rangi. Ni wachache wanaoinama nyuma ya gari kutazama lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu mawili ya nyuma. Mafundi huliita difu. Humo ndani mna oili yake yenyewe, mbali na ile ya injini na ile ya giaboksi, na mara nyingi oili hiyo haijaguswa kwa miaka mingi.

Katika skimu za Kinangop, ambako mashamba ya walowezi yaligawiwa wakulima kuanzia miaka ya 1960, pikapu ndiyo hupeleka maziwa asubuhi na viazi mchana. Mifuko 20 ya viazi, kila mmoja kilo 50, ni tani moja kamili, na mzigo huo unazitosha pikapu nyingi. Ikiwa mifuko ni ya lumbesa, uzito umekwisha kupita. Tunajua kwamba lumbesa humwibia mkulima sokoni. Inafaa ajue pia kwamba humvunjia gari.

Kazi ya difu ni hii. Propela hutoka kwenye giaboksi ikizunguka kwa mwendo wa kasi. Ndani ya difu, gia ndogo iliyo mwisho wa propela hushika gia kubwa ya duara, na hapo mzunguko hugeuzwa upande na kupunguzwa karibu mara nne, ili magurudumu yapate nguvu ya kupanda mlima. Tena difu huyaruhusu magurudumu mawili kwenda mwendo tofauti kwenye kona. Fikiri ng'ombe wawili wa jembe wanapogeuka mwisho wa shamba: yule wa nje hutembea hatua nyingi, na yule wa ndani karibu asimame. Wakilazimishwa kwenda sawa, nira itavunjika.

Meno ya gia hizo hubebana kwa uzito mwingi na huku yanateleza moja juu ya lingine. Kitu kinachoyatenganisha ni utando mwembamba wa oili. Injini ina chujio la kusafisha oili yake, lakini difu haina. Kila unga wa chuma unaosagika hubaki mle mle na kusaga zaidi. Ndiyo sababu pikapu kuukuu ambayo hujui habari zake ibadilishwe oili ya difu mara tu uinunuapo. Baada ya hapo fuata kitabu cha gari. Kama hakipo, badilisha kila kilomita 40,000, na ikiwa gari hubeba mizigo mizito katika matope, kila kilomita 20,000.

Dukani usiseme tu, "Nipe oili ya gia." Uliza oili ya difu yenye alama GL-5. Kwa magari mengi namba yake ni 80W-90. Harufu yake kali ni ya dawa ya salfa iliyotiwa ili kuyalinda meno. Oili ya injini haifai hapa hata kidogo. Wala usitie itakayobaki katika giaboksi, maana giaboksi nyingi zina pete za shaba ambazo GL-5 huweza kuzila. Pikapu nyingi huchukua kati ya lita moja na nusu na lita tatu. Difu za namna nyingine, zilizotengenezwa ili gurudumu moja lisizunguke bure matopeni, hutaka oili ya pekee. Tazama kama kuna kibati kilichofungwa kwenye difu kinachosema hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Endesha gari kilomita kumi hivi ili oili ipate moto na kuwa nyepesi. Safari ya kurudi kutoka kupeleka maziwa yatosha. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usipige jeki. Pikapu iko juu vya kutosha mtu kuingia, na gari lililoinuliwa upande mmoja litakudanganya juu ya kipimo cha oili. Zaidi ya hayo, jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake.

Utaona nati mbili, moja ubavuni mwa difu, ya kujazia, na nyingine chini kabisa, ya kumwagia. Sugua matope yote kwa brashi ya waya. Halafu fungua ile ya juu kwanza. Neno hili ndilo kubwa kupita yote katika makala hii. Nati ya juu hukaa miaka mingi bila kuguswa ikashika kutu. Mtu akianza na ya chini, oili yote ikamwagika, kisha ya juu ikakataa, amebaki na difu tupu ambayo haiwezi kujazwa. Wengine huona uvivu kumwita fundi shambani, wakaendesha hivyo hivyo "pole pole" mpaka mjini. Hawafiki. Meno hupata moto na kung'oka, na difu ikikwama ghafula magurudumu ya nyuma hukwama nayo, hata kama gari liko kwenye mteremko na watu nyuma.

Basi nati ya juu ikikataa, acha ya chini kama ilivyo. Mwagia nati hiyo dizeli kidogo, ilale usiku kucha, ujaribu tena kesho kwa spana ya ringi inayokaa barabara. Spana iliyolegea hula kona za nati, na hapo kazi imekuwa ya kuchomelea.

Nati ya juu ikifunguka, weka karai chini na ufungue ya pili. Jihadhari, oili ni moto. Iache itone kwa dakika ishirini, na wakati huo isome. Oili nyeusi imezeeka tu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Nati ya chini mara nyingi ina sumaku. Uji wa kijivu juu yake si neno, lakini vipande vya chuma unavyoweza kuvihesabu vyataka fundi. Ukikuta unga wa mbao, aliyekuuzia aliutia ili difu isilie siku ya kuuza. Hii ni hila ya zamani na bado haijafa.

Futa nati ya chini, tia washa mpya, kaza. Kujaza hakuhitaji pampu: chukua mpira mwembamba, ingiza ncha moja katika tundu la juu, nyingine uitie funeli na kuinua juu ya gurudumu, kisha mtoto mmoja amimine pole pole. Oili ikianza kurudi nje kwenye tundu, imetosha. Usijaribu kuongeza.

Kabla ya kutoka chini ya gari, tafuta kipumuo, kijikofia kidogo juu ya chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma. Wengi hawajui kama kipo. Difu ikipata moto, hewa ya ndani huvimba na kutokea hapo. Kipumuo kikizibwa na matope, hewa huisukuma oili kupitia sili mpaka ndani ya dramu za breki, na breki iliyolowa oili haishiki. Kwa hivyo ukiona unyevu upande wa ndani wa gurudumu la nyuma, usipakie mzigo mpaka fundi atazame. Mto nao hufanya kinyume: difu yenye moto ikizama katika maji baridi hujivuta na kunyonya maji. Ukivuka maji yaliyofika katikati ya gurudumu, fungua nati ya juu kesho yake uchungulie rangi.

Oili chafu usiimwage mtaroni wala usimpake ng'ombe kwa ajili ya kupe, kama wengine wafanyavyo, ina sumu. Itie katika mtungi wenye kifuniko, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Mwisho, andika kilomita za siku hiyo kwa rangi ndani ya mlango, na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo uiname tena kutazama kama nati zinavuja.