Kunde, maharage na karanga kwa bata: ipi mbichi, ipi ipikwe, ipi itupwe

Mavuno ya mikunde yakiisha, mabaki hujaa uani: maharage yaliyopasuka, kunde zilizotobolewa na wadudu, karanga zilizosinyaa. Wasikilizaji wetu hutuuliza kama wanaweza kuwamwagia bata. Baadhi ndiyo, baadhi hapana.

Njegere za kijani hazina shida. Bata wakubwa na bata bukini huzila mbichi. Vifaranga wapondee kwanza. Bata hatafuni, humeza, kwa hiyo maji yawe karibu, kwenye chombo chenye kina cha kumwezesha kuzamisha pua. Bila maji chakula humkwama.

Maharage makavu ni habari nyingine. Yakiwa hayajapikwa, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Hata mtu akila punje chache zisizoiva anaweza kutapika, seuze bata. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mengine, kisha yatokote kwa nguvu nusu saa au zaidi, mpaka yalainike. Kuyaacha juu ya makaa yaliyofifia hakutoshi. Soya nayo isiliwe mbichi, maana huzuia tumbo kusaga protini: bata anashiba lakini hakui. Kunde, choroko na mbaazi kavu ukali wake ni mdogo, ila sisi tungezichemsha zote pamoja, kuni ni zilezile. Usitie chumvi.

Sasa karanga, na hapa tunaomba msikilizaji atulie. Karanga zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na bata huathirika nayo kuliko kuku, vifaranga zaidi. Inashambulia ini. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, na vifaranga wa bata wakafa pia. Uchunguzi ulifika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, yakiwa na ukungu. Ndivyo sumukuvu ilivyotambuliwa.

Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha. Kuosha, kuanika upya au kuchanganya na pumba hakuifanyi chakula hicho kuwa salama. Wengi wetu tumezoea kwamba kisichofaa kwa mtu kinamfaa ndege. Kwa karanga hizi mazoea hayo yanaua. Zifukie mbali na uani, ndege wasizifukue. Mahindi na mashudu yaliyolowana ghalani yana hatari ileile.

Hata mikunde iliyopikwa vizuri iwe nyongeza tu, kama sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Bukini anahitaji majani kwanza. Vifaranga wa bata wanahitaji vitamini B3 nyingi kuliko wa kuku, wakiikosa miguu hupinda. Njegere wanayo kidogo, lakini haiwatoshi, hivyo uliza duka la dawa za mifugo. Kinachobaki kwenye chombo kiondoe jioni kabla hakijachacha.

Bata akizubaa, akaacha kula au akaanza kuyumba, ondoa chakula hicho mbele ya wenzake mara moja. Usikitupe chote. Weka kiasi kwenye mfuko umpelekee afisa mifugo wa kata, kwani bila kukiona atabaki kubahatisha.