Wimbo mpya huvuka mpaka kabla ya msanii wake

Busia ni jina moja kwa miji miwili, mmoja Kenya, mwingine Uganda. Pale mpakani marobota ya nguo na magunia ya nafaka husubiri karatasi za forodha, lakini wimbo mpya haungoji mhuri. Unapita ndani ya simu ya dereva wa lori, kwenye spika ya bodaboda, na katika flashi ya mama aliyefuata mzigo Kampala. Mara nyingi mfanyabiashara ndiye anayemjua msanii chipukizi wa nchi jirani kabla redio ya kwao haijamtaja.

Biashara hiyo ya masikio ni ya zamani. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walijijengea jina Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga wakaunda Les Wanyika. Mwaka huohuo Remmy Ongala, mzaliwa wa mashariki mwa Kongo, aliingia Dar es Salaam kupigia Orchestra Makassy. Enzi hizo santuri na kaseti ndizo zilizowatambulisha kwa majirani.

Baadaye ikaja runinga. Shindano la Tusker Project Fame, lililofanyika Nairobi, lilikusanya vijana wa nchi mbalimbali za ukanda huu. Alpha Rwirangira wa Rwanda alishinda mwaka 2009, na Hope Irakoze wa Burundi mwaka 2013. Nchi ndogo zikathibitisha kwamba kipaji hakipimwi kwa ukubwa wa soko la nyumbani.

Leo anayetaka kusikia wapya ana milango mingi. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufanyika Mji Mkongwe, Zanzibar, kila Februari, na huwachanganya wakongwe na chipukizi. Nyege Nyege lilianza mwaka 2015 karibu na Jinja, Uganda. Lebo yenye jina hilohilo, iliyoko Kampala, ilitoa mwaka 2017 mkusanyiko wa Sounds of Sisso, wenye singeli ya studio moja ya Dar es Salaam. Muziki huo wa uswahilini, ambao mapigo yake hupita 200 kwa dakika, ulifika Ulaya kwa kupitia Uganda. Aliyeuona ukichezwa Manzese au Tandale asingetabiri njia hiyo.

Lakini kuna upande usiochezeka. Katika vibanda vingi vya stendi, kijana hulipwa kujaza mamia ya nyimbo kwenye flashi, na aliyeziimba hapati hata senti. Msanii mkubwa ataziba pengo kwa matamasha na matangazo. Chipukizi hana pa kuzibia: akikosa fedha ya studio, wimbo wa pili hautoki.

Sheria pia zipo. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001 na Uganda ya mwaka 2006. Kote huko, kuuza nakala bila idhini ya mwenye kazi ni kosa, na kupiga muziki dukani au kwenye gari la abiria kunahitaji kibali. Kibali cha nchi moja hakimkingi mtu upande wa pili, kwa hiyo mwenye duka Namanga ya Kenya na tawi Namanga ya Tanzania ana ofisi mbili za kuulizia.

Kwa anayesafiri na mzigo, msaada si mgumu. Akipenda wimbo ugenini, aulize jina la mwimbaji na kuliandika, kisha ausikilize kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe. Akirudi nyumbani alitaje jina hilo kwa wateja, maana wimbo usio na jina la mwenyewe huwa kama bidhaa isiyo na lebo: kila mtu huitumia, na aliyeitengeneza hajulikani.