Lugha ya Gari Lililokataa Kuwaka

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Asiye na neno la kuyataja maradhi yake hana tofauti kubwa na huyo mfichaji. Ukweli huu hudhihirika katika gereji za jua kali mjini Mwingi, kwenye barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa. Joto la huko ni kali, na joto hufupisha sana maisha ya betri: hukausha maji yake na kuharakisha kuliwa kwa mabamba ya risasi yaliyomo ndani.

Mwenye gari akimfikia fundi, aghalabu hutamka sentensi moja tu: “Gari limekataa.” Kisarufi, sentensi hii haina dosari. Kimaana, ni kapu lililofunikwa. Kitenzi hicho kimoja hubeba angalau hali nne zilizo tofauti kabisa, na kila hali ina tiba yake.

Ya kwanza ni kimya. Ufunguo huzungushwa, wala taa za dashibodi haziwaki. Hapa umeme haufiki kabisa: betri imekwisha, kichwa cha waya kimelegea, au fyuzi kuu imeungua. Ya pili, taa zinawaka vyema lakini husikika mlio mmoja tu, ta!, na injini haisogei. Fundi huanza kuishuku stata au nyaya zake. Ya tatu, mlio ni ta-ta-ta-ta mfululizo huku taa zikififia. Mara nyingi hiyo ni betri dhaifu, au vichwa vyake vimeota ule unga mweupe wa kijani. Ya nne, stata huzungusha injini kwa nguvu lakini moto haushiki. Hapo betri haina hatia. Yafaa zichunguzwe plagi, koili, na pampu ya mafuta pamoja na fyuzi yake.

Msomaji ataona kuwa kinachotenganisha hali ya pili na ya tatu ni tanakali za sauti. Sisi walimu wa lugha tumezoea kuzifundisha kama mapambo ya insha. Kwa fundi, ni kipimo. Nimewasikiliza mafundi wa Mwingi wakimhoji mteja: “Ililia mara moja au mara nyingi?” Hilo ni swali la kiisimu, na jibu lake lina bei. Mteja asiyeweza kulijibu, akiangukia mikononi mwa fundi asiyeuliza, huenda akauziwa betri mpya ilhali ile ya zamani ilihitaji tu kusuguliwa vichwa kwa brashi na maji ya moto, kisha kukazwa.

Kipimo kidogo cha volti humaliza ubishi mwingi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Injini ikishawaka, kwa kawaida kipimo hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kisipopanda, yamkini alteneta haichaji, na hata ukinunua betri mpya leo, nayo itakufa vivyo hivyo.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Dai hilo halina mashiko. Neno gari lenyewe lilitujia kutoka Bara Hindi, na Wakamba, ambao lugha yao haina sauti r, wakalifanya ngali bila kuomba ruhusa ya yeyote. Betri, stata, fyuzi, plagi na spana zilichukuliwa kutoka Kiingereza, zikavishwa irabu zetu na watu wenye grisi mikononi. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania liliundwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981. Hizo ni kazi za heshima. Hata hivyo, gereji haikungoja.

Kinachokosekana ni maandishi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi. Lakini magari mengi yetu hutoka Japani yakiwa na maelezo ya Kijapani, na vitabu vingi vya ufundi ni vya Kiingereza. Kijana anayejua kutafuta waya uliokatika kwa mikono yake hana pa kuusoma mpangilio wa kazi hiyo katika lugha anayoitumia kutwa nzima. Ujuzi wake hupita kwa kuigiza, na penye kuigiza tu, makosa nayo hurithiwa.

Pendekezo langu ni jepesi. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu ziwapeleke wanafunzi gerejini wakiwa na madaftari, wayakusanye maneno kama yasemwavyo, pamoja na ile milio, kisha watunge pamoja na mafundi kijitabu cha kutafutia hitilafu za umeme. Kiwekwe katika kila chuo cha ufundi cha Kitui na Makueni.

Nawe dereva, gari likigoma, usiharakishe kutaja kifaa cha kununua. Mweleze fundi ulichokiona na ulichokisikia, kwa mpangilio wake, halafu umwache afikiri.