Misalaba ya Shaba: Njia za Biashara za Babu Zetu

Mtoto mmoja wa darasa la sita alileta shuleni kipande cha shaba chenye mikono minne, kizito, kilichokuwa cheusi kwa uzee. Baba yake alikikuta alipokuwa akilima, na mchuuzi alikuwa amekwisha kuahidi kukinunua. Mtoto aliniuliza: «Mwalimu, huu ni msalaba. Je, babu zetu wa zamani walikuwa Wakristo?»

Wasomaji wapendwa, swali kama hilo lastahili jibu la kweli, wala si jibu la kupendeza tu. Hapana, hawakuwa Wakristo. Umbo lile lilikuwa la shaba iliyomiminwa katika kalibu, likafaa kushikwa, kufungwa pamoja na mengine, na kuchukuliwa safarini. Lakini habari zake ni kubwa kuliko mtoto yule alivyodhani.

Mwaka 1926 Mgr Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza misioni ya Katanga, alichapisha maandishi juu ya «walaji wa shaba», yaani wale mafundi waliopata riziki na heshima kwa kazi ya shaba. Wazee waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo walieleza jinsi ilivyofanyika. Mtama ukiisha kuvunwa na kiangazi kikiingia, watu walihamia machimboni. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani na kuyaosha mtoni. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, makaa yakatiwa ndani, na mivukuto ya ngozi ikapuliza mpaka shaba ikatiririka kama maji. Fundi mkuu ndiye aliyejua siri za kazi, wala hakumfundisha kila mtu.

Shaba hiyo ilikwenda wapi? Tutazame kaskazini, kwenye ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, mahali panapoitwa Sanga. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walianza kuchimbua makaburi ya kale huko, na baadaye, tangu miaka ya 1970, Pierre de Maret akaiendeleza kazi hiyo. Walikuta makaburi ya watu walioishi tangu karne ya 8 hivi na kuendelea. Walikuwa wavuvi na wafua chuma, wenye vyungu vizuri sana. Nanyi akina mama, lishikeni neno hili: mtoto mdogo alizikwa na vyungu vidogo, na mtu mzima alizikwa na vyungu vikubwa. Waliompoteza mtoto wao walimfinyangia vyombo vinavyolingana na kimo chake.

Katika nchi ile ya maziwa hakuna machimbo ya shaba. Shaba yote ilitoka kusini, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Hapo kwanza waliitumia kwa mapambo. Lakini tangu karne ya 14 hivi, misalaba ya shaba yaonekana makaburini: kwanza mikubwa na michache, halafu midogo na mingi, yenye vipimo vinavyokaribiana. Wataalamu wafikiri kwamba hapo shaba ilianza kuwa fedha, kwa maana fedha yataka kufanana. Mara nyingine misalaba hiyo iliwekwa karibu na mikono ya marehemu. Tena, katika makaburi kadhaa kulikuwa na kauri, na kauri ni makombe ya Bahari ya Hindi. Hazikuota katika Lualaba!

Sasa twende kusini, kwenye bonde la Zambezi. Katika Zambia ya leo pana mahali paitwapo Ingombe Ilede, maana yake ng'ombe aliyelala, kwa ajili ya mbuyu ulioanguka hapo. Mwaka 1960, watu walipokuwa wakichimba mahali pa kuweka matangi ya maji, walifukua makaburi ya wakuu wa biashara. Humo mlikuwa na misalaba ya shaba, vyombo vya kuvutia nyuzi za shaba, nguo za pamba, shanga za kioo, na shanga za dhahabu. Pia mlikuwa na kengele za chuma zisizo na ulimi, namna iliyojulikana sana katika nchi za Kongo, ambako ilikuwa alama ya wakuu.

Dhahabu nayo ilikuwa na njia yake. Kutoka nyanda za Zimbabwe ilishuka hadi Sofala, ikapelekwa Kilwa, mji ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331 na kuusifu uzuri wake. Kwa njia hizo hizo vyombo vya China vilipanda mpaka Zimbabwe Kuu.

Msidhani kwamba mfanyabiashara mmoja alitoka Katanga akafika baharini. Mali ilipita mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji. Kila mahali watu wa lugha mbili walipaswa kuaminiana na kupatana juu ya kipimo. Pamoja na shaba ulisafiri ufundi wa kuvuta nyuzi, na pamoja na kengele ilisafiri desturi ya kumheshimu mkuu. Kwa hiyo asemaye kwamba babu zetu walikaa wamefungiwa msituni, wasimjue mtu, husema asilolijua.

Namrudia mtoto yule. Baba yake aliuza kile kipande cha shaba. Simlaumu, alihitaji karo, na heshima ya kale haijazi chungu. Kosa ni langu pia, kwa kuwa haya niandikayo leo sikumweleza kwa wakati. Mtoto amebaki na picha aliyoichora katika daftari lake, pamoja na urefu na upana. Kile kipande chenyewe, popote kilipo, hakiwezi tena kusema kilitoka katika udongo gani, wala kilikuwa karibu na mkono wa nani.

Basi, akina baba, jembe lenu likigonga shaba ya kale, simameni kidogo. Msichimbue zaidi. Andikeni mahali, pimeni, mwiteni mwalimu au padri, apeleke habari kwenye makumbusho ya Lubumbashi. Waulizeni wazee kabla hawajatutoka. Mungu alituamuru tuwaheshimu baba na mama, na sioni kwamba amri hiyo yakoma kaburini.