Sarafu za bibi: Somo zuri kwa mtoto, hatari mdomoni

Karatu. Nyumba nyingi zina kopo la bibi. Ndani yake mna vifungo, sindano, funguo zisizo na kufuli na sarafu chache zilizopoteza rangi. Mtoto akilipata, ameshapata mchezo.

Kwa familia za Karatu na Ngorongoro, kopo hilo ni somo la historia. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndugu wawili wa Kijerumani, akina Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Fedha ya utawala wao ilikuwa rupia, na kuanzia 1904 rupia moja ilikuwa sawa na heller 100. Kutoka heller tukapata neno "hela".

Itambue

Ishike sarafu karibu na dirisha. Ikiwa na taji na maneno "Deutsch Ostafrika", ni ya Wajerumani. Tafuta pia herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg na T ni Tabora, ambako heller 20 zilitengenezwa mwaka 1916 vita vilipokata njia ya fedha kutoka Ulaya.

Yenye tundu katikati, pembe za ndovu na maneno "East Africa" ni ya Waingereza. Yenye sura ya Mwalimu Nyerere ni ya Tanzania huru, kuanzia 1966.

Usiisugue kwa ndimu, mchanga wala maji ya betri. Maandishi hufutika, thamani hushuka, na maji ya betri huunguza ngozi. Maji safi na kitambaa laini vinatosha.

Akiimeza

Watoto wadogo huonja kila wanachookota. Akimeza sarafu, usimtapishe, usiingize kidole kooni wala kumlisha ugali ili ishuke. Mpeleke hospitali akapigwe picha ya eksirei, hata kama anacheza. Akitokwa udenda, akishindwa kumeza au kupumua kwa shida, ni dharura.

Kama huna hakika ni sarafu au betri ndogo ya duara ya saa au rimoti, usisubiri hata kidogo. Betri hiyo inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.

Hivyo bibi asimulie, mjukuu asome mwaka kwa sauti. Wakimaliza, sarafu zihesabiwe, zirudi koponi, na kopo lipande juu ya kabati.