Ndege Nyuki Mbugani
Ndege isiyo na rubani, ambayo Watanzania huiita ndege nyuki, husimamiwa nchini Kenya na kanuni za mwaka 2020. Hata aliye na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA) haruhusiwi kuirusha katika mbuga ya kitaifa bila idhini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS). Wapo wanaouona huo kuwa urasimu mtupu. Jina la Kitanzania, pengine bila kukusudia, ladokeza sababu mojawapo. Ndovu huwaogopa nyuki, na chombo hiki chenye mvumo kama wao kimetumiwa na askari kuwatimua mashambani kandokando ya hifadhi za Tarangire na Serengeti. Ndani ya mbuga, mvumo uo huo waweza kulitawanya kundi lenye ndama kabla halijanywa maji.