Mkwaju Uliopigwa Tokyo

Mwaka 1981, kabla jina la Joe Hisaishi halijavuma nje ya Japani, kundi la wapiga marimba na ngoma lilitoa santuri iitwayo MKWAJU. Kundi lenyewe lilijiita Mkwaju Ensemble, akiwemo mpigaji mahiri Midori Takada, na mtunzi alikuwa Hisaishi, kijana wa miaka 30 kutoka Nagano ambaye wazazi wake walimwita Mamoru Fujisawa. (Jina la kisanii alilichonga kutokana na la Quincy Jones.) Katika wimbo uliobeba jina la santuri, msikilizaji mwenye haraka hapati pa kushika. Marimba moja inaanza kifungu kifupi, inakirudia, inakirudia tena. Nyingine inaingia ikiwa imechelewa kidogo, na pale sauti hizo zinapopishana linazuka umbo la tatu ambalo hakuna anayelipiga. Aliyewahi kukaa karibu na ngoma tatu zinazojibizana halioni hilo kuwa geni. Takada alivutwa na midundo ya Afrika yenyewe. Hisaishi aliufikia mtindo huu kupitia Marekani, kwa watunzi wa marudio kama Terry Riley. Je, kuipa santuri jina la mti wetu kulitosha kuwa shukrani, au lilikuwa pambo tu? Swali hilo santuri hailijibu.

Wapo wanaoipita kazi ile kama mazoezi ya ujana, yaliyokoma alipokutana na mwongozaji Hayao Miyazaki kwenye filamu ya Nausicaä ya 1984. Mimi naiona kuwa uti wa mgongo wa yote yaliyofuata. Katika My Neighbor Totoro ya 1988, Satsuki anamngoja baba yake kituo cha basi, mvua inanyesha, mdogo wake amelala mgongoni, na dude kubwa linakuja kusimama kando yao. Mtunzi mwingine angepiga tarumbeta za mshangao. Hisaishi analeta kifungu kifupi kinachojizungusha, wala hakimwambii mtoto aogope au acheke. Katika Spirited Away ya 2001, Chihiro anapopanda treni inayopita juu ya maji, piano inaokota noti chache na kuzirudia bila pupa. Na mtunzi mwenyewe hakuitupa santuri yake: mwaka 2009 aliuandika upya wimbo wa MKWAJU kwa okestra nzima na kuurekodi na London Symphony Orchestra. Mazoezi ya ujana hayafuatwi hadi London baada ya miaka 28.

Atakayepinga atasema watoto hawaimbi marudio. Wanaimba wimbo wa Totoro. Ni kweli, na nyimbo zake ni tamu mno kukanushwa. Lakini utamu huo umesubiriwa. Wimbo unagusa kwa sababu dakika zilizotangulia hazikuwa na wimbo, na mara nyingine hazikuwa na muziki kabisa. Laputa ya 1986 ina urefu wa saa mbili na dakika nne. Kwa maelezo ya Hisaishi mwenyewe, muziki ulikuwa kama wa saa moja tu, na kuna mahali dakika saba au nane hupita kimya. Filamu hiyo ilipoandaliwa kwa soko la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wa Disney walimweleza kwamba watazamaji wa nje ya Japani hukosa utulivu muziki ukikosekana zaidi ya dakika tatu. Akaandika upya, akajaza.

Hapo ndipo hoja yangu inapobanwa, maana aliyejaza ule ukimya ni yeye yule. Alieleza kwamba desturi ya Hollywood ya kumfunga kila mhusika na muziki wake, jeshi likitokea muziki wa jeshi, alikuwa ameikwepa kwa kuiona inaudumaza muziki. Lakini alipoijaribu, akakiri kuwa alijifunza mengi. Sioni sababu ya kumshuku. Hata hivyo, katika The Boy and the Heron ya 2023, filamu ya mzee Miyazaki, amerudi kwenye piano na vifungu vichache vilivyoachiana nafasi kubwa. Sasa alichojifunza kwenye Laputa kilikuwa nini hasa: namna ya kujaza, au thamani ya alichokuwa ameacha wazi? Na ile mipaka ya dakika tatu, nani aliipima, na kwa masikio ya nani?